Kalamu Zilizoshangilia Ndizo Zilizohukumu

Maswali ya wasomaji kuhusu michezo. Anajibu mwalimu wa michezo mstaafu, Mwanga, Kigoma.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Gungu, najifunza utangazaji wa michezo katika redio moja hapa mjini. Tulipewa kazi ya kusoma habari za besiboli ya Marekani na wachezaji waliotumia steroidi, zile dawa za kujenga misuli. Nimekuta waandishi wao wameandika kwa hasira kubwa: wezi, waongo, wameua mchezo. Barry Bonds ameshika rekodi kubwa za upigaji, lakini hawamtaki kwenye ukumbi wao wa heshima. Wenzangu studio wanasema wale waandishi walifanya kazi yao, sisi huku ndio tumelala. Mimi nina mashaka. Hasira ile ilikuwa ya haki? Na mtu anayeanza kazi hii ajifunze nini hapo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiyaache hayo mashaka. Hasira ilikuwa ya haki, kwa sababu udanganyifu ni udanganyifu hata ukifanywa na mtu mwenye kipaji. Lakini ilichelewa, na ilipofika ikawachagua wa kuwachapa.

Niwasaidie kwanza wasioujua mchezo. Hapa kwetu unachezwa na shule chache, hasa Dar es Salaam, kwa msukumo wa Wajapani. Mpigaji anasimama na gongo, mrushaji anamrushia mpira, na mpira ukipigwa ukavuka uzio wa uwanja, hilo ndilo pigo kubwa kuliko yote. Wamarekani wanayahesabu mapigo hayo ya kuvusha uzio msimu mzima na kuyakumbuka miaka na miaka. Babe Ruth alipiga 60 mwaka 1927. Roger Maris akapiga 61 mwaka 1961, na namba yake ikakaa miaka 37 bila mtu kuigusa.

Mwaka 1994 wachezaji waligoma, fainali za mwaka ule zikafutwa, washabiki wakasusa. Ilipofika 1998, Mark McGwire wa St. Louis Cardinals na Sammy Sosa wa Chicago Cubs wakaanza kukimbizana kuivunja rekodi ya Maris. McGwire alimaliza na 70, Sosa 66. Viwanja vilijaa tena. Waandishi waliandika kwamba watu wawili hawa wameuokoa mchezo, na Sports Illustrated ikawatangaza wanamichezo wa mwaka, ikawatoa jaladani wamejifunga mashuka ya Kirumi na mataji ya majani kichwani.

Sasa nisikilize vizuri. Agosti ya mwaka uleule, ngoma ikiwa imekolea, mwandishi wa shirika la habari la Associated Press aitwaye Steve Wilstein alikuwa amesimama na wenzake mbele ya kabati la McGwire, kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Kwenye rafu ya juu aliona chupa. Haikufichwa. Waandishi wote waliokusanyika pale walikuwa na macho. Wilstein akanukuu jina lililoandikwa, akaenda kuuliza wataalamu, akaambiwa ni androstenedioni, kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa testosteroni, homoni ya kiume. Ligi ya besiboli ilikuwa haijaikataza, na huko Marekani dawa hiyo ilikuwa inauzwa madukani kama kirutubisho. Lakini Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikuwa imeshaipiga marufuku. Wilstein akaandika.

Aliyelaumiwa ni yeye. Meneja wa Cardinals, Tony La Russa, alikuja juu akitaka watu wa Associated Press wasiruhusiwe tena kuingia chumbani mle. Waandishi wenzake, tena wenye majina, wakasema amechungulia kabati la mtu, ameingilia faragha, anaharibu sherehe ya taifa. Mtu mmoja aliuliza swali kwa wakati wake, na wenye kazi moja naye wakamzomea. Ukisoma zile makala za hasira ulizopewa, mwanangu, tazama kwanza tarehe. Nyingi ni za 2004, 2005 na kuendelea. Za 1998 zinaimba.

Hasira yenyewe iliingia kwa mafungu. Mwaka 2001 Bonds, akiwa na San Francisco Giants, alipiga 73. Mwaka 2002 Ken Caminiti, aliyekuwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 1996, alikiri hadharani kwamba msimu ule alitumia steroidi. Septemba 2003 maofisa walivamia maabara ya BALCO huko Burlingame, California, iliyokuwa ikiwapatia wanamichezo dawa isiyoonekana kwenye vipimo vya wakati huo. Mkufunzi wa Bonds alikuwa na uhusiano na maabara hiyo. Bonds aliliambia jopo la uchunguzi kwamba alichopewa alidhani ni mafuta ya mbegu za kitani na dawa ya kupaka ya maumivu ya viungo. Machi 2005 wachezaji waliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. McGwire akasema hakuja kuzungumzia yaliyopita. Rafael Palmeiro akanyoosha kidole na kuapa kwamba hajawahi kutumia steroidi. Agosti ya mwaka huohuo akafungiwa baada ya kupimwa na kukutwa nazo. McGwire alikiri mwaka 2010, ule msimu wa mashuka ya Kirumi ukiwemo.

Hapo ndipo maneno uliyoyasoma yalipomwagika. Sisemi wote walikuwa watu wa kelele. Mark Fainaru-Wada na Lance Williams wa San Francisco Chronicle walifukua ushahidi wa BALCO, na walipokataa kumtaja aliyewapa nyaraka, mahakama ikaamua waende jela. Walisimama mpaka chanzo chenyewe kilipojulikana. Hiyo ni kazi, na wenzako studio wakiwasifu hao wawili nitaungana nao. Lakini kwa kila mmoja wa namna hiyo walikuwepo wengi ambao walikula chakula cha klabu, wakapanda ndege na wachezaji, wakaona shingo zinanenepa mwaka hadi mwaka, wakanyamaza. Kisha upepo ulipogeuka wakaandika kana kwamba wameibiwa usiku wakiwa wamelala.

Na angalia waliochapwa na waliopita kimyakimya. Mwaka 1991 kamishna wa ligi wa wakati huo alituma waraka kwa timu zote kusema steroidi hazitakiwi. Waraka bila vipimo. Upimaji wa kwanza kwenye ligi kuu ulikuja 2003, bila kutaja majina wala adhabu, na waliokutwa nazo walizidi asilimia 5. Chama cha wachezaji kilipinga vipimo miaka mingi. Wenye timu walihesabu fedha za viingilio. Kamishna aliyesimamia mchezo kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho ni Bud Selig.

Wanaopiga kura ya kuingiza wachezaji kwenye ukumbi wa heshima ulioko Cooperstown, jimbo la New York, ni waandishi wa besiboli waliodumu kazini miaka 10. Mchezaji anahitaji asilimia 75. Bonds alianza na 36.2 mwaka 2013, akafikia 66 mwaka 2022, nafasi yake ya kura za waandishi ikaishia hapo. Roger Clemens, mrushaji mkubwa wa kizazi chake aliyetuhumiwa na kukana, alikwama hapohapo. Sawa, kanuni yao inataja tabia na uadilifu, wana haki ya kuitumia. Lakini La Russa, yule aliyemfokea Wilstein, aliingizwa mwaka 2014. Selig akaingizwa 2017. Hao walipitishwa na kamati, si kwa kura ya waandishi wote, na ukweli huo lazima nao usemwe. Hata hivyo jengo ni lilelile. Baada ya Selig kuchaguliwa, kura za Bonds ziliruka kutoka asilimia 44 hadi karibu 54 kwa mwaka mmoja, maana baadhi ya waandishi walishindwa kuelewa mlinzi wa ghala anapewaje heshima huku wanaosemekana kuiba wakifungiwa mlango.

Kitu kimoja bado kinaniumiza. Agosti 2007 Bonds alipiga pigo la 756 na kumpita Hank Aaron aliyekuwa na 755. Mfanyabiashara mmoja wa mavazi akaununua mpira ule kwa zaidi ya dola 750,000, akaitisha kura ya watu mtandaoni, na walioshinda wakataka uchongwe alama ya nyota ya kuutilia shaka. Ukachongwa. Mpira huo ulipelekwa Cooperstown. Mpira wake umepewa nafasi, mtu hakupewa. Aaron naye, alipokuwa anamkaribia Babe Ruth mwaka 1973 na 1974, alipokea barua za kutishiwa kuuawa kwa sababu ni mweusi. Wamarekani weusi wengi walioyakumbuka hayo waliuliza kwa nini McGwire mweupe aliimbiwa na Bonds mweusi akachorewa nyota. Bonds alikuwa mkali kwa waandishi, hilo linajulikana, nao walimchukia. Chuki ya mwandishi si ushahidi.

Wanaosahaulika kabisa katika kelele hizi ni waliocheza safi. Timu ilikuwa na nafasi 25. Kila aliyejidunga na kupata msimu mzuri alikalia kiti cha kijana aliyekataa, akabaki ligi za chini akisafiri kwa basi mpaka mwili ukachoka. Huyo hana rekodi wala anayemwandikia. Mwandishi mwenye uchungu wa kweli angeanza na huyo.

Wenzako wanaosema sisi tumelala, waambie yaliyotokea karibu zaidi. Oktoba 2024 Ruth Chepng'etich wa Kenya alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:09:56, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya saa 2 na dakika 10. Kwenye mkutano na waandishi, Mmarekani mmoja akamuuliza atawaambia nini watu wanaoona muda huo ni mzuri kupita kiasi. Afrika Mashariki nzima tulimrukia yule mwandishi. Mwaka uliofuata Chepng'etich alipimwa akakutwa na hydrochlorothiazide, dawa ya presha inayokojoza, iliyokatazwa kwa sababu inaweza kuficha dawa nyingine. Akafungiwa miaka 3. Kwa haki yake, kipimo kilikuwa cha Machi 2025, na rekodi ya Chicago haikufutwa. Sisemi alidanganya Chicago. Nasema swali lilikuwa halali siku lilipoulizwa, na sisi tulilitendea kama Wamarekani walivyomtendea Wilstein.

Na hata Chicago ni mbali. Nimepeleka watoto UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, miaka mingi, na mamluki nimewaona: jitu zima lenye mke linavaa jezi ya kidato cha pili, mkuu wa shule anajua, mwalimu anajua, wazazi jukwaani wanajua. Kombe likija wote wanacheza ngoma. Akigundulika, anayetupiwa maneno ni yule kijana peke yake, aliyeahidiwa nauli na viatu. Mtangazaji wa redio aliyemsifia mchana kutwa naye anamshangaa.

Kwa hiyo ukiingia studio, uliza mapema, timu ikiwa inashinda, tena timu ya nyumbani kwanza. Timu ya Mashujaa ikishinda pale uwanja wa Lake Tanganyika shangilia, ni yetu. Lakini mchezaji akirudi kutoka jeraha la miezi kwa wiki mbili, muulize daktari wa timu amemtibu na nini. Utazomewa. Jua pia tofauti ya kutuhumiwa, kukutwa kwenye kipimo na kukiri. Ni mambo matatu, na ukiyachanganya hewani umemwonea mtu. Bonds alihukumiwa mwaka 2011 kwa kuzuia haki kutendeka, na hukumu hiyo ikafutwa 2015. Wangapi wa studio yako wanaijua sehemu ya pili?

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama wa Buzebazeba, nauza dagaa Kibirizi. Mwanangu ana miaka 17, ananyanyua vyuma na wenzake. Amejaa ghafla, chunusi zimemtapakaa mgongoni, hasira kila saa. Juzi nimekuta bomba la sindano na kichupa chini ya godoro. Ndiyo hizo dawa za Wamarekani? Baba yake anataka kumfukuza.

JIBU: Pole, mama mwenzangu. Mwambie baba mtoto asimfukuze. Akifukuzwa ataenda kulala kwa hao wanaomuuzia.

Kichupa kama hicho nimekishika. Kuna uwanja wa nyuma ya nyumba hapa Mwanga ambapo vijana wanafanyia mazoezi. Chuma chao ni bomba la maji lililochomekwa ndoo mbili za rangi zilizomiminwa saruji. Mmoja wao alinitolea mfukoni kichupa cha kioo, ndani mafuta ya njano, kizibo cha mpira kimetobolewa mpaka kimelegea. Maandishi yalikuwa ya lugha ambayo hakuna aliyeisoma pale. Pembeni palikuwa na picha ya kichwa cha farasi. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imekwanguliwa. Nikamuuliza sindano zinatoka wapi, akanionyesha moja, wanaitumia watatu.

Kwa hiyo hofu yangu ya kwanza kwa mwanao ni ile sindano. Virusi vya UKIMWI na homa ya ini vinapita hapo. Mpeleke hospitali ya Maweni apimwe, na uende na kichupa chenyewe ili daktari akione.

Ikiwa ni steroidi za kujenga misuli, basi ndiyo, ni jamii ileile waliyotumia kina Caminiti. Zinafanana na testosteroni anayoitengeneza mwanamume mwenyewe. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu, unaziambia korodani zipumzike, nazo zinasinyaa na mbegu zinapungua. Caminiti alieleza kwamba mwili wake uliacha kujitengenezea homoni hiyo. Sehemu ya dawa mwili unaigeuza kuwa homoni ya kike, na kijana anaota matiti. Mafuta mazuri ya damu yanashuka, msuli wa moyo unakuwa mnene. Kwa mtoto wa miaka 17 kuna la zaidi: mifupa yake bado inarefuka, na dawa hizi zinafunga mapema zile ncha zinazokua. Anatafuta ukubwa na huenda akabaki mfupi.

Asiache kimyakimya bila daktari. Akiacha, mwili unabaki muda bila homoni ya kutosha, na huzuni inayokuja inaweza kuwa nzito sana. Kaa naye. Muulize nani amemwambia mwili wake hautoshi. Mara nyingi kuna jibu, na jibu hilo ndilo mtakalolifanyia kazi. Kisha mpe chakula. Wewe unauza dagaa, mama. Dagaa, maharage, mayai, usingizi na mazoezi vitamjenga polepole, na kitakachojengeka kitabaki. Hizo chunusi na hasira mtaje kwa daktari pia, zinaendana na dawa hizi.

Na kama unamjua muuzaji, msemeni kwa mtendaji wa kata, wazazi kadhaa kwa pamoja, usiende peke yako.

SWALI: Baba yangu ana pumu, yuko Uvinza. Kituo cha afya kimempa dawa ya kuvuta na kimemwambia ina steroidi. Baada ya kusikia habari za wachezaji anaogopa, ameiacha.

JIBU: Mrudishie leo. Hizo ni steroidi za jamii nyingine, zinapunguza uvimbe kwenye njia za hewa, hazijengi misuli. Ya kuvuta inaingia kwa kiasi kidogo na inafanya kazi kifuani. Akiiacha, shambulio la pumu linaweza kumuua.

Vidonge vya jamii hiyo, kama prednisolone na dexamethasone, ndivyo vya kuogopa vikinunuliwa bila cheti. Najua wapo mabinti wanaovimeza ili wanenepe. Uso unavimba, sukari na presha vinapanda, mifupa inadhoofika, na aliyevizoea akiacha ghafla anaweza kuzimia, kwa hiyo hata kuacha kwake ni kwa mpango wa daktari. Baba yako hayumo humo. Aendelee kuvuta dawa yake kama alivyoelekezwa, na kila akimaliza asukutue kinywa kwa maji, ateme, ili asipate utando mweupe mdomoni.